Mvua ya kwanza isikukute hujaandaa matuta

Wakulima wenzangu wa Tabora, mvua ya kwanza ya Novemba ikigonga udongo uliokauka tangu Mei, vijidudu vya ardhini huamka kwa pupa. Vinakula mboji, kaboni inatoka kama hewa ya ukaa, na nitrojeni, chakula cha mimea, inaachiwa kwa wingi kwa siku chache tu. Mtafiti H. F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958, hapo jirani Muguga, Kenya. Basi matuta yawe tayari mapema, mahindi yaikute nitrojeni hiyo kabla maji hayajaizamisha chini.

Na mabua, tafadhali, msiyachome! Yatandazeni katikati ya matuta, maana mboji iliyoliwa inahitaji kurudishiwa. Mchwa watayala mengine, lakini hata wao wanayaingiza udongoni.