Sheria ndogo ya samaki wa mapambo: anzeni na ndoo

Nilizamia miaka kumi na moja nikikamata samaki wa mapambo, wale wanaouzwa hai kufugwa kwenye matangi, na siku hizi huitwa kwenye vikao vya wavuvi wanaotunga sheria zao wenyewe. Karibu kila kikao huanza na idadi: kila mzamiaji akamate wangapi kwa siku? Ninawaomba hilo liwe la mwisho. Idadi haihesabiki jioni, wazamiaji wakiwa hoi na mnunuzi anahesabu dakika kwenye gari. Kila kifungu kipimeni kwa swali moja: mkaguzi akiinama juu ya ndoo, ataona kosa?

Eneo ndilo la kwanza. Upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Hawaii, sheria ya 1998 ilifanya takriban asilimia 35 ya pwani ifungwe kwa uvuvi huu kuanzia mwisho wa 1999. Kangaja wa manjano, aliyekuwa akikamatwa kuliko wote kule, aliongezeka ndani ya maeneo yaliyofungwa. Mipaka yenu iwe kitu kinachoonekana mtu akiwa ndani ya chombo: jiwe, mnara, mlango wa mwamba. Na msifunge sehemu ambayo tayari haina kitu, ili tu kuwaridhisha wakubwa. Fungeni penye matumbawe ya matawi, maana humo ndimo wadogo wanamojificha.

Kisha orodha, na hapa msiwe na haraka. Msiorodheshe waliokatazwa, orodhesheni wanaoruhusiwa, na asiyetajwa abaki baharini. Hawaii ya magharibi walikuja kufanya hivyo, aina 40 tu. Ukikataza kwa majina, mnunuzi huhamia kwa samaki ambaye hakuna aliyemfikiria.

Kwenye orodha hiyo msimwingize kitatange anayekula matumbawe. Ndani ya tangi mara nyingi hukataa chakula mpaka anakufa. Samaki msafishaji naye aachwe, yule mwembamba anayewatoa wenzake wadudu mwilini, kwani wengine humfuata kwa huduma. Yupo pia samaki wa visiwa vya Banggai, Indonesia: dume hutunza mayai mdomoni, na watoto wakitoka hawachukuliwi na mkondo kwenda mbali. Mwamba wake ukimalizwa, hakuna mwamba jirani utakaouletea mbegu.

Wale wa chungwa wenye mistari myeupe, wakaao kwenye anemoni, wanahitaji kimo. Katika kundi, mkubwa kabisa ni jike na anayemfuata ni dume. Jike akiondolewa, dume hugeuka kuwa jike, na mdogo mmoja hupanda cheo. Mambo yao hayo yamenichekesha mara nyingi chini ya maji. Basi wekeni kimo cha juu, si cha chini pekee, ili wazazi wabaki. Kupima ni rahisi: samaki akiwa kwenye mfuko mwangavu wenye maji, mwegemezeni kwenye kibao chenye mistari miwili. Akivuka mmoja au asipofika mwingine, anarudi.

Vifaa: kimia cha mkono na wavu wa kizuizi vinatosha. Sianidi, sumu inayopulizwa kwa chupa ya kubinya, humlewesha samaki, huua matumbawe yaliyo karibu, na wengi wanaokamatwa nayo hufa siku chache baadaye. Kifungu cha kwanza nilichowahi kuandika kilisema “ni marufuku kutumia sianidi.” Tukamkuta kijana na chupa ya kubinya iliyokuwa na maji meupe. Akasema ni sabuni ya kusafishia miwani. Hatukuwa na la kumjibu, kwani hakuna aliyemwona akiitumia. Tangu hapo naandika “kukutwa na”: chupa ya kubinya, au mtaimbo wa kuvunjia matumbawe, ndani ya chombo kinachokwenda kukamata samaki wa mapambo ni kosa tosha, hata ikiwa na sabuni kweli.

Sasa njooni kwenye idadi, ila hesabuni pia waliokufa kabla ya kuuzwa, tena kwa jina la aliyewakamata. Wasipohesabiwa, mzembe hurudi majini kufidia, na mwamba unalipa mara mbili.

Mkaguzi asiwe mnunuzi wala ndugu wa mnunuzi. Apewe kibao, orodha yenye picha, na ruhusa ya kuipekua ndoo yoyote kabla haijapanda gari.