Kumpa panya doksisaiklini bila kubahatisha kipimo

Hapa Kampala daktari wa mifugo amezoea ng'ombe, kuku na mbwa. Ukimpelekea panya mweupe anayekoroma kifuani, ataweza kukuandikia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, lakini dukani utapewa kapsuli ya miligramu 100 ya binadamu, na kazi ya kuigawa itabaki kwako.

Kwanza mpime panya, maana kipimo chote kinategemea uzito. Mizani ya kidijitali ya jikoni inatosha: weka bakuli, irudishe kwenye sifuri, mtie panya ndani. Mkubwa huwa kati ya gramu 250 na 500, kwa hiyo kukisia kwa macho hakufai.

Kipimo kinachotumika sana kwa kifua ni miligramu 5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Daktari akikuandikia kingine, fuata chake. Sasa fungua kapsuli, mimina unga kwenye chupa safi, ongeza mililita 20 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha tikisa. Nachagua 20 kwa makusudi: kila mililita inakuwa na miligramu 5, hivyo uzito kwa kilo ndio mililita za dozi. Panya wa gramu 300 anapata mililita 0.3, wa gramu 420, 0.42. Hata ukiwa na usingizi saa kumi na mbili asubuhi hutakosea.

Angalia bomba la sindano lenyewe. La insulini limeandikwa yuniti, si mililita. Katika lile la yuniti 100 kwa mililita, 0.3 ni yuniti 30. Sindano yake itoe kabisa. Kama haitoki, tafuta bomba jingine.

Mfunge panya kwa taulo, kichwa kikiwa juu, bila kumbana kifua, kwani anapumua kwa shida tayari. Usimlaze chali. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, udondoshe kidogo kidogo akimeza. Mbishi mchanganyie kwenye ndizi mbivu iliyopondwa, kiasi cha kumalizwa mbele yako. Maziwa hapana, kalsiamu hushika dawa. Siagi ya karanga nzito pia hapana, humkaba. Kumshindisha njaa kabla ya dozi hakuna maana, kwa sababu panya hatapiki. Na kwa sababu hiyohiyo dozi iliyozidi hairudi.

Kutia dawa kwenye maji ya kunywa sikupendi. Mgonjwa hunywa kidogo, na dawa ni chungu.

Chupa ikae kwenye friji, gizani, na utikise kila mara. Baada ya wiki imwage uchanganye nyingine. Kapsuli iliyopita tarehe usiiguse: dawa za jamii hii zikioza huumiza figo.

Matibabu huchukua wiki mbili au tatu. Usikatishe panya akianza kuchangamka. Uwekundu unaoganda puani na machoni si damu, ni rangi ya pofirini, nao hupungua akipata nafuu. Badilisha maranda mara kwa mara, kwani harufu kali ya mkojo huchoma mapafu yaleyale unayoyatibu. Akianza kupumua kwa mdomo au kukataa chakula, usingoje dozi ya jioni, mrudishe kwa daktari.