Kutoka Malindi Kwenda Bonde la Kerio kwa Baiskeli: Hesabu Ianze Mwisho

Sisi wa Malindi safari ya baiskeli tunaihesabu kwa kilomita. Kilifi ni kama 60, njia tambarare, ukitoka alfajiri chai ya saa tatu unainywa kule. Hesabu hiyo hiyo ndiyo niliyoipeleka Iten, mji ulio juu ya Bonde la Kerio, mara ya kwanza. Iten hadi Kabarnet, ng'ambo ya bonde, hazifiki kilomita 60, nikasema asubuhi kwenda, jioni kurudi. Magharibi ilinikuta kwenye kona za Tambach, chini ya Iten, nimekaa juu ya lori la maembe, baiskeli imelazwa miguuni pangu kama mbuzi wa sikukuu.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Shela, na vijana wanaokuja dukani kuniuliza habari za safari ile huwaambia waache kilomita kwanza. Chukua simu, fungua ramani, andika urefu wa kila mahali kutoka usawa wa bahari. Iten ni kama meta 2,400. Barabara inaporomoka zaidi ya meta 1,000 hadi daraja la Cheploch, pale Mto Kerio ulipojibana katikati ya majabali, kisha inapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, kama meta 2,000. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Huku unaanza kwa kushuka, unacheka, na ngoma inakungoja chini.

Sasa anza hesabu kule mwisho, kwenye mlima wa kurudi Iten. Mimi nikiwa mzima, na mzigo mdogo, hupanda meta 400 kwa saa. Meta 1,200 ni saa tatu, bila kupumzika. Ukienda na kurudi siku moja, saa tatu hizo zitaangukia mchana, bondeni kunachoma kama jiko la makaa. Kwa hiyo lala Kabarnet. Siku ya pili ondoka saa kumi na mbili na nusu, kunapopambazuka, ili saa mbili na kitu uwe umeshavuka bonde na kuanza kupanda. Ukuta wa Elgeyo, yaani mlima huo wa kurudi Iten, unatazama mashariki, jua la asubuhi litakupiga mgongoni, lakini jua la saa mbili si jua la saa saba.

Mazoezi utayapata wapi, na Malindi haina mlima? Tuna upepo. Kusi ikivuma, shika njia ya Gede kwenda kusini, upepo ukupige kifuani, na usiiname kuukwepa. Saa mbili bila kuachia pedali. Mlima nao hauna mahali pa kuachia, na hilo ndilo linalotushinda watu wa pwani, si nguvu za miguu.

Gia ndizo nitakazong'ang'ania kuliko yote. Baiskeli nyingi za mbio zinazoletwa kwangu zina meno mengi mno mbele. Tafuta meno 34 mbele na 34 nyuma: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, unasogea meta 2 na kidogo. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 na nusu kwa saa. Ni mwendo wa kuchekwa na watoto wa shule, na wamenicheka, ila goti langu lilirudi nyumbani zima.

Breki usizibane moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Rimu ikipata moto sana, tyubu inaweza kupasuka kwenye kona. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Kila baada ya muda simama, sogeza kidole karibu na rimu. Ukihisi joto kabla hujagusa, kaa utazame bonde kwanza. Mpira wa breki uliobaki nusu utolewe huku huku Malindi. Chukua tyubu mbili, pampu, na kiungo cha akiba cha cheni.

Fika Iten siku mbili tatu kabla. Kule juu kila pumzi ina kama robo tatu tu ya hewa uliyoizoea baharini, na ngazi za nyumba ya wageni zitakuambia. Alfajiri ni baridi. Mimi hukunja leso ya mke wangu nikaiweka kifuani ndani ya shati, nikifika chini naitoa. Njiani nala tende, na chupa moja natia maji, ndimu na chumvi. Mahamri yalinikaba koo, niliacha.

Epuka mvua za Machi hadi Mei, mawe huanguka barabarani. Na kabla ya kushuka waulize wenyeji hali ikoje, kwani sehemu nyingine za bonde, hasa kaskazini, zimesumbuliwa na wizi wa mifugo. Uliza hata wakikutazama vibaya. Mzee mmoja wa Tambach alinitazama nilivyoloa jasho, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Malindi.

"Na huko," akasema, "mabasi yameisha?"