Kulipia mafuta kwenye pampu Marekani: pesa yako hushikwa kabla mafuta hayajatoka

Kabla sijaja Marekani nilifanya kazi ya pampu miaka 3 kwenye sheli moja Muheza, barabara ya Segera kwenda Tanga. Kazi yenyewe mnaijua. Gari linaingia, unauliza ya shilingi ngapi, unamwambia mteja aangalie sifuri kwenye kioo cha pampu, unajaza, unapokea pesa taslimu au analipa kwa simu, unampa risiti. Wateja wengi hata mlango hawafungui. Nilipofika Columbus, Ohio, nikanunua gari lililokwishatumika la kwendea kazini, na mafuta ndiyo kitu cha mwisho nilichodhani kingenisumbua.

Wiki ya pili nilikuwa na dola 160 kwenye akaunti. Nikaingiza kadi kwenye pampu, nikajaza ya dola 22, nikaondoka. Jioni kadi ikakataa nilipotaka kununua mchele na kuku. Nikafungua programu ya benki nikakuta dola 125 zimeandikwa kwamba zinasubiri, na jina la ile sheli pembeni. Kesho yake malipo ya bima ya gari yakakataliwa kwa sababu salio halikutosha, na benki ikanitoza faini. Pesa ile ilirudi siku ya tatu. Hakuna mwizi aliyeichukua. Mashine ilifanya kazi yake kama ilivyotengenezwa, ila mimi hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana namwelekeza kila mgeni anayefika hapa, kuanzia mdogo wangu aliyekuja majira ya baridi yaliyopita.

Liko hivi. Pampu haijui utachukua mafuta kiasi gani. Mfanyakazi hayupo, yuko ndani dukani anauza kahawa, na gari linaweza kuondoka wakati wowote. Basi kabla mafuta hayajatoka, pampu inaiuliza benki yako kama una kiasi fulani, na benki inakitenga. Sheli nyingine huuliza dola 1 tu ili kuhakikisha kadi ni nzima. Nyingine hutenga dola 100 na zaidi. Mwaka 2022, bei za mafuta zilipopanda, Visa na Mastercard waliongeza kikomo cha kutenga kutoka dola 125 hadi dola 175. Ukishamaliza, pampu hutuma hesabu halisi na kilichozidi huachiwa, mara nyingine kwa saa chache, mara nyingine kwa siku kadhaa. Kwa mwenye salio kubwa hili halionekani kabisa. Anayeumia ni yule mwenye dola 160 anayesubiri mshahara wa Ijumaa.

Kwa hiyo kama kadi yako ni ya akaunti ya kawaida (debit) na salio ni dogo, usilipie kwenye pampu. Egesha, soma namba ya pampu yako (imeandikwa kubwa juu ya mashine), ingia ndani, umwambie mwenye kaunta: “Twenty on number four, please.” Maneno hayo yanatosha, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Umelipa dola 20 kwa pampu namba 4, na pampu itajifunga yenyewe ikifika hapo. Ukilipa taslimu na tanki likajaa mapema, rudi ndani uchukue chenji yako. Ni haki yako, na mwenye kaunta anaiona kwenye mashine yake. Ukilipa taslimu huenda ukapata pia nafuu ya bei, kwa kuwa baadhi ya sheli huweka bei mbili kwenye bango, ya taslimu na ya kadi. Soma bango lote kabla hujakata kona kuingia.

Mwenye kadi ya mkopo (credit) yuko salama zaidi hapa, maana kinachotengwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo, na pesa ya kodi ya nyumba haiguswi. Na kama huna budi kutumia kadi ya akaunti kwenye pampu, mashine ikiuliza “debit or credit” chagua debit, uweke namba ya siri. Malipo ya namba ya siri kwa kawaida hufungwa haraka kuliko yale mengine.

Sasa utaratibu wenyewe. Kwanza jua tanki lako liko upande gani. Kwenye dashibodi, karibu na alama ya pampu, magari mengi yana mshale mdogo unaoonyesha upande. Zima injini. Ukishuka, gusa chuma cha mlango kwa mkono mtupu kabla hujashika mkono wa pampu, na ukishaanza kujaza usirudi kukaa kwenye kiti. Hapa baridi ni kali na hewa ni kavu, nguo nzito zikisuguana na kiti zinazaa umeme, na cheche moja penye mvuke wa petroli inatosha. Muheza hatukuwahi kulifikiria hili, hewa yetu ina unyevu.

Kadi yenye chipu huchomekwa na kuachwa mpaka kioo kiseme itoe. Pampu za zamani zinataka uchomeke na kutoa haraka ili zisome ule mstari mweusi wa nyuma. Penye alama ya mawimbi manne, gusisha kadi au simu tu. Baada ya hapo mashine itauliza maswali mengi: una kadi ya uanachama? Unataka kuosha gari? Unataka risiti? Jibu hapana kwa mawili ya kwanza, ndiyo kwa la mwisho.

Swali linalowakwamisha wageni ni la zipu kodi. Hiyo ni namba ya posta yenye tarakimu 5, na mashine inataka ile iliyoandikwa kwenye akaunti yako ya benki. Mdogo wangu alihama nyumba mwezi wa pili, akaingiza namba ya nyumba mpya, kadi ikakataliwa mara mbili, akaniita akitetemeka akidhani amefungiwa akaunti. Benki ilikuwa bado na anwani ya zamani. Ingiza ya zamani, kisha ukifika nyumbani waarifu benki kwamba umehama. Na kama umekuja kutembea na kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi, kadi hiyo haina zipu kodi. Usihangaike kubahatisha, ingia ndani ulipe kwa mwenye kaunta.

Wenye kadi ya msaada wa chakula wajue kwamba msaada huo haununui mafuta. Nimemwona mama mmoja Mkongo akiijaribu kwenye pampu tatu tofauti kabla sijamfuata kumweleza.

Kuchagua mafuta ni jambo fupi lakini kosa lake ni ghali. Petroli ina vitufe vitatu vya daraja, kwa kawaida 87, 89, na 91 au 93. Kama kitabu cha gari hakisemi vingine, 87 inatosha, na kulipia 93 ni kutupa pesa. Dizeli mara nyingi ina mkono wa kijani, lakini usiamini rangi, kwa sababu sheli za BP hutumia kijani kwenye petroli. Soma neno. Na mkono wa njano ulioandikwa E85 ni mafuta yenye ethanoli nyingi, uache kama gari lako halikutengenezewa hayo. Bei ni ya galoni, na galoni ya hapa ni lita 3.785. Ile 9 ndogo mwishoni mwa bei ni sehemu 9 kati ya 10 za senti, kwa hiyo dola 3.19 unayoiona barabarani ni karibu 3.20.

Baada ya kuchagua, angalia sifuri. Mashine haitakukumbusha kama nilivyokuwa nawakumbusha wateja wangu. Ikibofya kwamba tanki limejaa, acha hapo hapo, usiongeze hata kidogo. Kisha rudisha mkono wa pampu mwenyewe, usubiri kioo kionyeshe kwamba malipo yamefungwa. Nasisitiza neno “mwenyewe”. Kuna matapeli wanaokuja na tabasamu kukusaidia kurudisha, kumbe hawaurudishi, na gari linalofuata linajazwa kwa kadi yako.

Kuna wizi mwingine ulio wa kimya. Wezi hubandika kifaa juu ya tundu la kadi, au hufungua pampu na kukificha ndani, kikasoma ule mstari mweusi wa kila anayepita. Maduka yalisukumwa kuhamia kwenye chipu mwaka 2015, kwa kuwa hasara ya kadi bandia ilihamishiwa kwa mwenye mashine ya zamani, lakini pampu zilipewa muda mpaka Aprili 2021 kwa sababu kuzibadilisha ni gharama kubwa. Miaka hiyo ya katikati pampu ndizo zilizokuwa shamba la wezi, na bado zipo ambazo hazijabadilishwa. Mimi nashika tundu la kadi nalitikisa. Likicheza, au likiwa na rangi isiyofanana na la pampu ya jirani, naondoka. Natazama pia kibandiko cha usalama kwenye mlango wa pampu, maana kikibanduliwa hutokeza neno VOID. Nachagua pampu iliyo mbele ya dirisha la mwenye kaunta, kwani ile ya mwisho gizani ndiyo mwizi anayoipenda. Namba ya siri naifunika kwa mkono wa pili. Na penye mawimbi manne nagusisha, kwa kuwa malipo ya kugusisha hayatoi namba za ule mstari mweusi.

Ukiona malipo usiyoyajua, piga simu benki siku ile ile. Kwa kadi ya mkopo, sheria ya taifa inaweka kikomo cha dola 50 kwenye hasara yako. Kwa kadi ya akaunti ulinzi unapungua kadiri unavyochelewa, na zikipita siku 60 tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti unaweza kubeba hasara inayoendelea baada ya hapo. Tunza risiti mpaka hesabu ya benki ilingane nayo. Mimi nazibana na kibanio kwenye kizuia jua cha gari.

Mtu mwenye ulemavu, awe mzee au kijana, asiyeweza kushuka ana haki ya kujaziwa bila kuongezewa bei. Apige honi au abonyeze kitufe cha kuita, au apige simu namba ya sheli kabla hajafika. Wanaruhusiwa kukataa ikiwa mfanyakazi ni mmoja tu zamu hiyo, kwa hiyo mchana ni bora kuliko usiku.

Na kuna jimbo moja ambako utaratibu huu wa kujijazia haukuhusu. New Jersey imekataza kujijazia tangu mwaka 1949. Oregon nayo ilikuwa na katazo lake la mwaka 1951 mpaka ilipofungua mlango Agosti 2023. Nilipita New Jersey kiangazi nikipeleka mzigo. Kijana akaja dirishani, akauliza ya kiasi gani, akachukua kadi yangu. Nikashuka nikasimama pembeni ya pampu. Akanitazama, nikamwambia naangalia sifuri tu.