Ndama humeza nini kabla ya dang'a?

Ndama mzima hachelewi kusimama. Mara tu miguu ikimbeba huanza kutafuta chuchu, na kabla hajaipata huwa ameshalamba ukuta wa zizi, mguu wa mama yake na mavi yaliyokaukia kwenye paja. Wafugaji wengi humkagua kuona kama amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake. Wachache hukagua alichomeza kwanza, nami naona hilo ndilo lenye uzito zaidi, kutokana na jinsi utumbo wake ulivyoumbwa.

Sehemu kubwa ya utumbo mwembamba imefunikwa na ute pamoja na seli zilizoshikana vizuri, ambazo kazi yake ni kufyonza chakula na kuwazuia bakteria wasipenye. Yapo maeneo yanayofanya kinyume chake. Huitwa mabaka ya Peyer, kwa jina la tabibu wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, aliyeyaeleza mwaka 1677. Juu ya mabaka hayo, katikati ya seli za kawaida, kuna seli chache ziitwazo seli M. Vinyweleo vyake ni vifupi na havina mpangilio, ute unaozifunika ni mwembamba, na upande wa chini zimebonyea zikafanya kifuko ambamo seli za kinga hukaa. Seli M humnasa bakteria aliyemo utumboni, humvusha hadi upande wa pili bila kumsaga, kisha humkabidhi kwa seli za kinga kifukoni. Mwili hufanya hivyo makusudi, maana kinga ya utumbo hujifunza kwa kuonyeshwa bakteria wenyewe.

Zinamtambuaje? Bakteria wengi wa E. coli na Salmonella wana vijinywele vya kujishikiza, na kwenye ncha yake kuna protini iitwayo FimH. Seli M nazo zina protini yao juu ya uso, GP2, inayoishika FimH. Watafiti wa Japani walilionyesha hilo mwaka 2009 kwa kutumia panya. Panya waliokosa GP2 walivusha bakteria wachache zaidi wa aina hiyo, na kinga waliyoijenga dhidi yao ikawa hafifu.

Taabu ni kwamba njia hiyohiyo hutumiwa na waharibifu. Salmonella huingilia hapo, na akishapita huziharibu seli M zenyewe. Bakteria wa ugonjwa wa Johne hupita hapo pia, kisha hujificha ndani ya makrofaji, yaani zile seli zilizopaswa kummeza na kumuua. Ndama huambukizwa akiwa mchanga, lakini dalili huchelewa miaka miwili au zaidi: ng'ombe anakula vizuri, anaharisha, anazidi kukonda. Tiba ya kumponya hakuna. Nikiitwa kumwona ng'ombe wa miaka minne aliyebaki mifupa huku hori lake li tupu kila jioni, maswali yangu mengi huwa juu ya banda la ndama.

Ndama ana baka moja refu sana mwishoni mwa utumbo mwembamba, ambalo hunywea kadiri anavyokua. Kwa hiyo ulinzi mkubwa uwekwe mwanzoni mwa maisha yake. Azalie mahali pakavu penye matandiko mapya. Kiwele kioshwe na kukaushwa kabla hajakigusa. Koleo na buti za zizi la wakubwa zisiingie kwa ndama, na anayewahudumia aanze na ndama ndipo aende kwa wakubwa. Malisho ya ndama yasiwekwe samadi ya ng'ombe wakubwa, kwa kuwa bakteria wa Johne anaweza kudumu kivulini hata mwaka mzima.

Dang'a nayo ina masharti yake. Kingamwili zilizomo, yaani protini za kumkinga na maradhi, hupenya kupitia seli za kawaida za utumbo, na nafasi hiyo hupungua saa hadi saa mpaka hufungwa ndama akikaribia saa 24. Mpe kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake, ikiwezekana ndani ya saa mbili za kwanza: ndama wa kilo 35 apate lita tatu na nusu. Dang'a yenye bakteria wengi hupunguza ufyonzaji wa kingamwili, na ikiachwa kwenye joto bakteria hao wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Isiyotumika mara moja iende kwenye friji. Kama kundi lako lina Johne, usichanganye dang'a ya ng'ombe kadhaa kwenye ndoo moja. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza ndama wote watakaoinywa.

Kagua pia chupa ya kunyweshea. Chomoa chuchu ya mpira, igeuze nje ndani, upitishe kidole. Ukihisi utelezi, hapo pana tabaka la bakteria, na kila mnyonyo humega sehemu yake. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, maana maji ya moto sana hugandisha protini ya maziwa kwenye mpira. Ndipo usugue kwa maji ya moto na sabuni, usuuze tena, uanike ukiwa umeiinamisha. Chuchu iliyopasuka haisafishiki, itupe.

Wafugaji wa kuku nao wana la kuzingatia. Chanjo hai ya Salmonella inayotolewa kwa maji ya kunywa hulenga kinga ya utumbo, hivyo bakteria wake lazima wafike wakiwa hai. Dawa za antibiotiki wakati huo huwaua, na klorini ya maji vilevile. Fuata maelekezo ya chanjo yenyewe. Pale yanaporuhusu, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, hutiwa majini kabla ya chanjo ili kuipunguza nguvu klorini iliyobaki.