Somo: Kupunguza uchafuzi wa ofisi ya huduma hapa Dodoma, tukianzia kwenye LUKU na masurufu

Habari wakuu. Somo hili ni la wenye ofisi za uhasibu, uwakili, ushauri wa miradi na usanifu majengo. Kwa kuwa hatuna bomba la moshi, wengi tukisikia mazingira tunakimbilia kubandika tangazo ukutani na kununua vikombe vipya. Uchafuzi wetu mkubwa uko kwenye mafuta ya gari na umeme, na rekodi zake zimo kwenye mafaili yenu tayari.

Hatua ya 1: Pima kwanza. Toa stakabadhi za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za mwaka mzima na marejesho ya masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla na kurejeshewa hesabu baadaye. Andika uniti za kila mwezi na lita za kila safari. Kisha Ijumaa jioni anayefunga ofisi asome uniti zilizobaki kwenye mita, na Jumatatu anayefungua asome tena. Zilizopungua ndizo zinazoliwa ofisi ikiwa tupu. Mara nyingi mlaji ni ile dispensa ya maji pale mapokezi, taa yake nyekundu inawaka usiku kucha ikichemshia maji watu wasiokuwepo. Zima kwenye soketi.

Hatua ya 2: Safari za Dar. Hapa ndipo penye kazi. Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 hivi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia lita 112 kwenda na kurudi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo safari moja ni kama kilo 300, pengine kwa kikao cha saa mbili na abiria mmoja nyuma ya dereva. Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inafika Dodoma tangu 2024 na inatumia umeme. Ni kweli sehemu ya umeme wetu inatokana na gesi asilia, lakini gawanya kwa mamia ya abiria uone.

Andikeni kwenye kanuni za masurufu: Dar ni treni, gari linaombewa kwa sababu. Ila posho msiiguse. Mkipunguza posho kwa kisingizio cha mazingira, kila safari itapata sababu ya gari. Na dereva naye anaishi kwa posho za safari, kaeni naye kabla ya kutangaza.

Hatua ya 3: Kiyoyozi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu na usiku hupoa. Fungueni madirisha alfajiri, fungeni jua likianza kuchoma, feni ifanye kazi. Juni na Julai AC haina kazi ya maana hapa. Oktoba na Novemba washeni, lakini kwenye nyuzi 25. Anayeweka 18 akidhani chumba kitapoa haraka anajidanganya. Filta zioshwe mara kwa mara, vumbi letu mnalijua.

Hatua ya 4: Karatasi. Seti printa ichape pande mbili. Zabuni za serikali zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, ritani za kodi za TRA zinajazwa mtandaoni, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki. Basi tujiulize rimu zinakwenda wapi.

Hatua ya 5: Vifaa vilivyokufa. Betri za UPS, kile kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu anayemwaga tindikali chini na kubaki na madini ya risasi. Tafuteni mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimepanga Makole na LUKU tunachangia na duka la jirani. Napimaje?*
Mwombe mwenye nyumba ruhusa, fundi umeme akufungie mita ndogo upande wako. Itakumalizia na ugomvi wa nani anakula uniti.

*Vipi sola?*
Ni nzuri, jua tunalo. Lakini fanya hatua ya 1 na ya 3 kwanza, la sivyo utanunua paneli za kuendesha dispensa. Kama umepanga, muandikiane kwenye mkataba kwamba ukihama unaondoka nazo.

*Shikamoo kaka. Mteja wetu anataka ripoti nakala tano ngumu, zimejalidiwa. Nikikataa nitampoteza.*
Marahaba dada. Usikatae. Kwenye pendekezo la bei weka nakala laini kuwa ndiyo ya kawaida, na nakala ngumu iwe mstari wake wenye bei yake. Wengi wakiuona huo mstari wanaomba moja tu ya faili.

*Tukipanda miti si tunafidia safari?*
Pandeni, mwarobaini unaivumilia Dodoma, na upande wa magharibi utakinga ukuta na jua la jioni. Ila mche hauwezi kufuta kilo 300 za wiki iliyopita. Pandeni mvua zikianza Desemba, na idadi iwe ile ambayo mhudumu wenu ataweza kuimwagilia kuanzia Mei mpaka Novemba, tena mkimlipa kwa kazi hiyo.