Kuchagua mbwa mkubwa wa ulinzi kwa nyumba yenye watoto

Kabla hujatuma hela ya mbwa, simama getini kwako jioni moja uhesabu wanaoingia. Kwangu Goba ni wanangu wawili na wenzao wa mtaani, dada wa kazi, kijana wa boda anayeleta gesi, mama wa mboga, na shemeji ambaye hapigi simu kabla ya kuja. Mbwa unayemtaka ana kazi ya kuishi na watu wote hao miaka 8 au 10 bila kumng'ata hata mmoja, alafu usiku ajue anayeruka ukuta sio shemeji.

Sasa hawa mbwa majitu wako makundi mawili na watu wanawachanganya sana. Kuna mbwa wa mifugo: Kangal wa Uturuki, Caucasian Shepherd wa milima ya Kaukasi, Great Pyrenees wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Hawa wamezalishwa kukaa na kondoo mlimani, mchungaji yuko mbali, mbwa mwitu anakuja, mbwa anaamua mwenyewe cha kufanya. Na kazi hiyo wanaiweza kweli, kule Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa aina ya Kangal na Anatolian tangu 1994, wanakaa na mbuzi ili mfugaji asilazimike kumpiga duma risasi. Lakini mlete mbwa huyo kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mbuzi hana, basi mbuzi wake ni wanao. Mtoto wa jirani akimsukuma mwanao kwenye mchezo, mbwa hasubiri umwambie, ataamua mwenyewe kama babu zake. Usiku naye anabweka kila kinachopita nje, kwa sababu kubweka ndo silaha yake ya kwanza. Una shamba na mifugo Kiteto au Laikipia? Mchukue Kangal. Kwa nyumba ya mjini mwache.

Na Caucasian kwa Dar nasema wazi, hapana. Yale manyoya ni ya theluji, huku atashinda kalala kwenye sakafu ya bafuni anahema, na huo ni utesaji tu.

Kundi la pili ndo la nyumbani. Boerboel wa Afrika Kusini alizalishwa kulinda boma la mkulima, familia ikiwemo humo humo, manyoya mafupi, kilo 60 mpaka 80. Bullmastiff ni wa Uingereza, walinzi wa mashamba ya matajiri karne ya 19 walichanganya mastiff na bulldog wapate mbwa wa kumwangusha mwizi wa wanyama usiku na kumkalia bila kumrarua, na habweki ovyo. Tofauti hiyo utaiona mpaka leo. Boerboel ana moto zaidi, anataka mtu aliyewahi kufuga mbwa na mwenye muda, Denmark walimpiga marufuku 2010 pamoja na Kangal na Caucasian. Mimi kwa nyumba yenye watoto wadogo na wageni wengi nachagua Bullmastiff, ila pua yake ni fupi kwa hiyo matembezi ni alfajiri, na maji na kivuli visikose.

Ukienda kununua, omba kumuona mama. Ukiambiwa mama yuko shamba, geuza gari. Akiwepo, mwache mwenye mbwa amshike, akutambulishe, mpige stori kama dakika kumi. Mama anayetulia na kuja kukunusa, hapo nunua. Asipotulia kabisa, usijidanganye watoto wake watakuwa tofauti. Uliza pia kama wazazi walipigwa eksirei ya nyonga, wengi hawana, lakini uliza. Na usimchukue kabla ya wiki 8.

Hapa kwenye malezi ndo tunakosea wengi. Mtu ananunua mbwa wa mamilioni anamfungia bandani mchana kutwa, usiku ndo anafunguliwa, yaani binadamu anawajua kama miguu inayopita nje ya wavu. Akifika kilo 60 akatoka siku moja dada kasahau komeo, unategemea nini? Kuanzia wiki ya 8 mpaka ya 14 mwonyeshe dunia: pikipiki, mwavuli, mwanamke wa baibui, mzee wa mkongojo, watoto wanaokimbia na kupiga kelele. Chanjo hazijaisha? Mbebe mkononi. Kichaa cha mbwa achanjwe akifika miezi 3 na kadi uitunze. Watoto nao wafundishwe, mbwa akila haguswi, na mtoto mdogo habaki naye peke yake hata kama ni mpole kiasi gani.

Chakula, usimnenepeshe haraka na usimpe kalsiamu ya ziada eti mifupa ikomae, mbwa hawa ukiwakuza mbio unawaharibia viungo. Gawa mlo mara mbili au tatu kwa siku, na akishakula asikimbizwe.

Simba wetu alikuwa Bullmastiff wa miaka 5. Saa nane usiku nikasikia anazunguka uani, natoka namkuta anajikaza kutapika, kinatoka povu tu, nikamgusa tumbo limekaza kama ngoma. Tumbo lilikuwa limejaa gesi na kujipinda, na mimi sikujua hata jina la tatizo. Daktari wa kwanza hakupokea simu, gari dogo la jirani hakuenea, tulipopata pikapu kulikuwa kunakucha na hakufika. Kwa hiyo kabla mbwa hajaingia getini, andika namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu saa nane usiku na anayeweza kupasua, na ujue ni gari gani litambeba.